Ukiwa Kilolo, usidanganyike na "mita 3" za GPS
Kwa uimara na betri, GPS ya mkononi inaishinda simu porini, hilo sibishi. Ninachokilaumu ni ile "mita 3" kwenye skrini. Inakupa usahihi wa setilaiti tu, haikuambii kama inaelewana na ramani yako. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zinatumia mfumo wa Arc 1960, GPS huja na WGS84. Ukichanganya, pointi inahama kama mita 300: shamba la mtu linajikuta ndani ya hifadhi! Tena longitudo ya nyuzi 36 Mashariki inaikata wilaya: Dabaga iko kanda ya UTM 36, Ruaha Mbuyuni 37. Kwa hiyo, kila unapoandika namba, andika na mfumo na kanda.