Silinda, Springi na Tupa

Kati ya silinda ya revolva na kitako cha mtutu wake pana mwanya. Kwenye silaha iliyotengenezwa kwa uangalifu, mwanya huo ni sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, unene wa karatasi ya kuandikia. Ukiwa mwembamba mno, masizi ya baruti na joto la chuma huifanya silinda ikwame kabla mpigaji hajachoka. Ukiwa mpana mno, moto hutoka ubavuni na risasi hupoteza nguvu. Katika viwanda vya zamani aliyeupatia kipimo alikuwa fundi mwenye tupa: anapunguza, anapima, anapunguza tena, na akizidisha amekwishaharibu. Mimi napenda bastola za silinda kuliko zile za nusu otomatiki zinazojipakia zenyewe, na nikitakiwa nitoe sababu huanzia hapo mwanyani.

Sizipendi kwa nguvu wala kwa wingi wa risasi. Wapenzi wa silaha wanaweza kubishana hadi usiku wa manane juu ya ipi inakwama na ipi haikwami, na kwa hesabu za vitani na za doria revolva ilishashindwa zamani. Polisi wa Marekani, waliokuwa wateja wake wakubwa, waliiacha kwa wingi katika miaka ya 1980 na 1990. Wala sijasahau bastola iliundwa kwa kazi gani. Huku kwetu wengi tunaijua ikiwa kiunoni mwa askari, au ni mguu wa kuku wa jambazi uliotajwa kwenye taarifa ya habari. Lakini Waomani husifu jambia kwa nakshi ya fedha ya ala yake, na msikilizaji hadhani kwamba wanasifu kuchomana. Nami nasifu mkono wa fundi.

Vuta triga ya revolva isiyo na risasi, polepole, usikilize. Kidole kidogo cha chuma kilichofichwa ndani kinainuka na kuisukuma silinda kwa meno yaliyokatwa nyuma yake. Kabla yake, kijiti kinachoifunga silinda kimeshashuka kuipisha; sasa kinapanda tena na kungojea kishimo kinachofuata. Silinda ya matundu sita inazunguka nyuzi 60, kijiti kinadumbukia, nyundo inaanguka. Kazi yote hiyo imefanywa na kidole cha mtu mmoja katika mvuto mmoja. Nyundo ikianguka kabla kijiti hakijaingia, tundu halijanyooka na mtutu, na risasi itajikwangua ikipita. Fundi ndiye anayeyapatanisha hayo, na hayapatanishi mara moja. Matundu ni sita, meno ni sita, na katika chuma cha tupa hakuna meno mawili yaliyolingana kabisa, kwa hiyo anajaribu la kwanza, la pili, hadi la sita, kisha anarudia kwa mwendo wa haraka, maana silinda iliyotulia ikizungushwa taratibu huweza kupitiliza ikizungushwa kwa kasi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Colt Python, iliyoanza kuuzwa mwaka 1955 kutoka Hartford, Connecticut. Ukiitazama mara ya kwanza unaona ngozi yake: buluu nzito inayokaribia weusi. Hiyo si rangi ya kupaka. Ni chuma chenyewe kilichosuguliwa hadi kikawa kioo, kisha kikageuzwa uso kwa kemikali na joto. Msuguaji mzembe huviringisha kingo na kuyapanua matundu ya skrubu. Kwenye Python za miaka ile kingo zimebaki kali. Uzuri wenyewe uko ndani zaidi. Kwa mtindo wa Colt, kile kidole cha ndani hakiachi kuisukuma silinda hata nyundo inapoanguka, hivyo silinda hubanwa pande zote isitikisike hata chembe. Gharama yake ni kwamba kidole kinalika, na siku moja silaha itahitaji kurudi kwa mtu anayejua kuipanga upya. Watu wa Smith & Wesson, kule Springfield, Massachusetts, waliamua vingine: waliiachia silinda yao mchezo mdogo, ikadumu zaidi na kudai uangalizi mchache. Kwa akili ya kawaida wao ndio waliokuwa sahihi. Mimi bado nachagua ile inayobana.

Kuna jambo jingine kuhusu revolva, nalo ni kwamba kazi yake haiishii kiwandani. Ule mvuto mrefu wa triga, unaozungusha silinda na kuinua nyundo kwa pamoja, ni mzito, na anayeanza hutikisa mtutu kabla risasi haijatoka. Ufundi unahama kutoka kwenye tupa ya fundi wa kiwanda hadi kwenye kidole cha mpigaji. Mwaka 1999 Mmarekani Jerry Miculek alipiga risasi sita kwa revolva, akatoa maganda, akapakia upya, akapiga sita nyingine, zote katika sekunde 2.99. Nusu otomatiki ingemrahisishia sehemu kubwa ya kazi, na kwa sababu hiyohiyo nisingesimulia habari yake.

Hata hivyo siwezi kumpita John Moses Browning kama mtu anayepita kaburi la asiyemjua. Alizaliwa Ogden, Utah, mwaka 1855, mwana wa fundi bunduki, na alifariki mwaka 1926 akiwa kazini katika kiwanda cha silaha cha FN, Liège, Ubelgiji. Bastola yake iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911 ilitumia kitu ambacho revolva hukitupa bure, yaani ule msukumo unaorudi nyuma risasi inapotoka. Mtutu na slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, husafiri pamoja kidogo vikiwa vimeshikana kwa mataruma ya chuma. Kisha mtutu unainama nyuma na kuiachia slaidi, nayo inaendelea peke yake, inalitoa ganda tupu, inaikandamiza springi, na ikirudi inachukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini.

Ndani ya mpini wake kuna springi bapa ambayo ningeiweka kwenye jumba la makumbusho peke yake. Ni kipande kimoja cha chuma kilichopasuliwa vidole vitatu. Kimoja kinasukuma kabari inayoizuia nyundo, cha kati kinairudisha triga, cha tatu kinaendesha usalama wa mpini. Mtu mwingine angeweka springi tatu na skrubu zake. Yeye alikunja bati moja akaendelea na kazi.

Tofauti yenyewe iko hapo. Browning hakuwa na mapenzi madogo kwa ufundi. Aliumaliza wote kwenye mchoro na kielelezo, ili anayekuja baadaye asihitaji kuwa yeye. Katika Vita Kuu ya Pili bastola hiyo ilitengenezwa na Remington Rand, waliokuwa wakiuza mashine za kuandikia, na wakatoa zaidi ya laki 8. Ilitengenezwa na kampuni ya ishara za reli. Ilitengenezwa hata na Singer, wale wale wa cherehani zinazolia barazani kwa mafundi nguo wetu tangu enzi za bibi zetu, ingawa wao walitoa 500 tu. Ukikichukua kipande cha kampuni hii ukakitia kwenye bastola ya kampuni ile, kilitarajiwa kukubali. Python haikubali hivyo.

Nami nisije nikaonekana nachukia magazini kwa kuwa ni magazini. Luger ya Wajerumani, bastola rasmi ya jeshi lao tangu 1908, hadi katika Vita Kuu ya Kwanza vilivyofika Tanga na Mahiwa, ni nusu otomatiki, na naipenda karibu sawa na Colt. Vipande vyake vidogo vimegongwa tarakimu mbili za mwisho za namba ya silaha, kwa kuwa kila kimoja kimekwanguliwa kikae kwenye mwili ule na si mwingine. Goti lake la juu linalokunjika kila risasi inapotoka halipendi matope. Jeshi lenye busara lingetaka kitu kingine, na baadaye walitaka. Glock ya Austria ya mwaka 1982, yenye mwili wa plastiki na magazini ya risasi 17, ni kinyume chake kabisa: haina kipande kinachomhitaji mtu mwenye tupa, na hufanya kazi ikiwa imetoka topeni. Naiheshimu kama ninavyoheshimu bomba la maji linalofanya kazi, na sina zaidi ya hapo la kusema juu yake.

Mwaka 2020 Colt waliirudisha Python. Ilirudi ikiwa ya chuma kisichoshika kutu, vipande vimepunguzwa, mashine za kompyuta zimefanya sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ya mafundi, na mvuto wa triga ni laini tangu mwanzo hadi mwisho, bila ule uzito uliokuwa unaongezeka karibu na nyundo kuanguka. Mwili umeongezewa chuma mahali ulipokuwa dhaifu. Mtu akitaka kupiga shabaha kila wiki kwa miaka mingi, nitamwambia anunue hiyo mpya asinisikilize. Mimi nikiruhusiwa kuchagua kutoka kwenye meza moja, nitachukua ya zamani, nikijua kwamba kidole chake cha ndani kimelika na kwamba wanaojua kukipanga wamebaki wachache na huchelewesha kazi.