Kuvuka Miguu ya Mwenzio

Vitabu vinavyoufundisha mwili kazi ni vichache, na vilivyo vyema miongoni mwao ni vichache zaidi. *Jiu-Jitsu University* cha Saulo Ribeiro, alichokiandika pamoja na Kevin Howell na kilichotoka mwaka 2008, ni kimojawapo cha vyema. Ribeiro amekuwa bingwa wa dunia mara kadhaa katika jiu-jitsu ya Kibrazili, mieleka ambayo aliyelala chali hajashindwa bado, kwa kuwa miguu yake ndiyo boma lake. Aliye juu hana budi kuivuka miguu hiyo kwanza. Mashindanoni, akiivuka na kumdhibiti mwenzake kwa sekunde 3, hupewa pointi 3.

Sifa kubwa ya kitabu ni mpangilio wake. Mkanda mweupe hujifunza kunusurika, wa bluu kujinasua, wa zambarau kupigana kwa miguu akiwa chini, wa kahawia kuvuka miguu, na mweusi kummaliza mpinzani. Ni busara, maana asiyejua kunusurika hatadumu akajifunza mengine.

Lakini hebu, msomaji, tuulete mpangilio huo hapa Samunge, kijiji cha Wasonjo wilayani Ngorongoro ambacho mwaka 2011 kilifurika wageni waliofuata kikombe cha Mchungaji Mwasapile. Sisi tunaofanya mazoezi hapa hatuna mwalimu, mkanda wala koti. Tuna turubai juu ya majani makavu, na wenzi wachache, wakubwa kwa wadogo. Mwenye nguvu hujikuta juu kila siku. Ukimwambia kwamba kuvuka ni somo la mkanda wa nne, hangoji. Huvuka kwa njia aijuayo, yaani kujirusha na kulisukuma goti la mwenzake kando kwa uzito wote. Na goti hilo kesho yake linatakiwa likachunge mbuzi na kuzibua mifereji ya mashamba.

Fauka ya hayo, picha nyingi za kitabu ni za watu waliovaa makoti. Koti hukupa pa kushika: kola, mkono, suruali penye goti. Bila koti, jasho hutelezesha kila kitu. Hapo ndipo mtu hutambua kuwa kinachovuka ni nyonga, mikono ni wasaidizi tu. Unamkumbatia mwenzako kiunoni, unafunga mikono nyuma ya mgongo wake, unakiweka kichwa kifuani pake, kisha unayalaza mapaja yake upande mmoja, polepole. Ama unapitisha goti lako katikati ya mapaja yake, huku mkono wako umeingia chini ya kwapa lake asipate kugeuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huku ni kushusha nyonga.

Tulipoanza kuvuka hivyo, mdogo wetu mmoja, aliyekuwa akikataa kulala chini ya wakubwa, alirudi turubaini.

Siikatai hekima ya Ribeiro. Mpangilio wake unauliza: ni somo gani litaniokoa mimi? Ni swali la haki ukumbini, penye mwalimu wa kuwazuia wenye pupa. Pasipo mwalimu, lipo swali la kutangulia: ni somo gani litamwokoa mwenzangu na mimi? Kwa swali hilo, kuvuka kwa utulivu hupanda kutoka nafasi ya nne hadi ya kwanza, sambamba na kunusurika. Ukikipata kitabu, kisome. Ila anza na sehemu mbili kwa pamoja, ya kwanza na ya nne.