Uhakiki wa Tafsiri: "Rangi" Isiyo Rangi

Karatasi tunayoihakiki ni tafsiri ya maelezo apewayo mgonjwa kabla ya kupigwa picha ya siti-skani. Tuliipata kwa mzee mmoja wa Nyegezi, Mwanza, ambaye hospitali moja ilimtaka aitie sahihi. Kisarufi haina dosari kubwa. Makosa yake yamo katika istilahi mbili, nayo yaweza kumgharimu mtu figo zake.

Kwanza, mfasiri ameandika kwamba mgonjwa "atadungwa rangi". Kwa mkazi wa ufukwe wa Ziwa Viktoria, rangi ni ile ipakwayo mitumbwi. Kidungwacho ni dawa maangavu yenye iodini, ambayo huzuia miale ya eksirei ili mishipa na viungo vionekane vyeupe pichani. Neno "rangi" halidokezi kwamba hiyo ni dawa, wala kwamba hutolewa mwilini na figo. Twapendekeza "kidhihirishi", kwa kufuata muundo wa "kiyoyozi". Na katika karatasi ya mgonjwa, "dawa ya kudhihirisha picha".

Pili, na hili ni zito zaidi, neno "mzio" limebebeshwa maana mbili. Karatasi yauliza kama mgonjwa ana mzio wa rangi, basi. Mzio ni mwili kuikataa dawa: kuwashwa, kuvimba, kupumua kwa shida, aghalabu papo hapo. Madhara ya figo ni jambo jingine. Hayawashi, hujulikana kwa kupima kreatinini katika damu siku mbili tatu baadaye. Mzee wetu, mwenye kisukari cha miaka mingi, alijibu "hapana", naye alisema kweli. Juu ya figo hakuulizwa.

Wataalamu wa leo huona kwamba mwenye figo nzima hana hatari kubwa. Aliye hatarini ni yule ambaye figo zake zimekwisha dhoofu. Kwa hiyo tafsiri haina budi kuyatenga maswali: Je, una ugonjwa wa figo au wa kisukari? Watumia metfomini, au dawa za maumivu kama diklofenaki? Kreatinini yako ilipimwa lini? Majibu hayo ndiyo yamwezeshayo daktari kupunguza dozi, kuongeza maji mwilini, kusimamisha dawa fulani, au kuchagua kipimo kingine kama altrasaundi.

Wauguzi na wafasiri wanaombwa watuletee maneno yatumikayo wodini, ili istilahi hizi zijadiliwe kabla ya kusanifishwa.