"Sembagare Kasema Nini?" Tahakiki ya Filamu ya Gorillas in the Mist

Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa pili wanaosoma Kiswahili cha Utalii filamu ya zamani iitwayo Gorillas in the Mist. Nia yangu ilikuwa ndogo tu. Wengi wao wanatarajia kuwa waongoza watalii huko Bwindi na Mgahinga, na nilidhani kuwa kabla ya kujifunza kumweleza mgeni habari za gorila ni vyema wajue ni kitu gani kilichomtoa mgeni huyo kwao. Filamu ilipokwisha, mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Mwalimu, kwani huyu Sembagare kasema nini?" Darasa likacheka. Nami nilicheka, kisha nikagundua kuwa sina jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Filamu hii ilitoka mwaka 1988, miaka mitatu tu baada ya Dian Fossey kuuawa kambini kwake Karisoke, Rwanda, mwezi Desemba 1985. Iliongozwa na Michael Apted, na Sigourney Weaver ndiye aliyeigiza nafasi ya Fossey. Inasimulia jinsi mama huyo Mmarekani alivyokuja Kongo kuchunguza gorila wa milimani, akafukuzwa na askari, akavuka na kuanzisha kambi kati ya milima ya Karisimbi na Bisoke mwaka 1967, akapambana na majangili hadi alipouawa. Sembagare, aliyeigizwa na John Omirah Miluwi, ndiye msaidizi wake tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuanze na sifa, kwani zipo. Sijaona filamu nyingine ya kuigiza inayompa mnyama muda wa kutosha namna hii. Mwigizaji anatambaa kwenye majani, anainamisha kichwa, anajifanya anatafuna, anangoja. Mtazamaji naye anangojeshwa. Picha nyingi zilipigwa kwa gorila wa porini wenyewe, na pale waigizaji walipovaa ngozi za bandia ni vigumu kwa jicho la kawaida kutambua. Kilele ni pale gorila anaponyoosha mkono na kugusa kiganja cha mama huyo. Darasani kwangu hapakusikika hata kikohozi. Tukio hilo lina asili ya kweli: mwaka 1970 gorila dume aitwaye Peanuts alimgusa Fossey mkono, na mpiga picha Bob Campbell akalinasa.

Naamini kuwa mguso huo mmoja umewavuta watu wengi kupanda milima yetu kuliko tangazo lolote. Mtu anauza gari, analipa dola 800 kwa kibali cha Uganda au 1,500 kwa kile cha Rwanda, anapanda ndege, anachomwa na upupu, anaanguka matopeni, yote hayo kwa saa moja ya kutazamana na kiumbe ambaye akikuangalia unahisi anakufikiria. Mimi nilipanda Bwindi mara moja. Sitadai kwamba nilikuwa mtafiti mkavu: gorila jike aliponigeuzia uso huku mtoto amemlalia mgongoni, nilisahau hata kwamba nilikuwa na kamera.

Lakini hapo ndipo ugomvi wangu na filamu hii unapoanzia. Inauza vitu viwili ambavyo mlimani havipo: mguso na upweke.

Kuhusu mguso, kanuni ni kinyume chake kabisa. Kwa miaka mingi mgeni alitakiwa kukaa umbali wa mita 7, na tangu janga la UVIKO-19 Uganda imetaka mita 10 na barakoa. Mwenye mafua harudishiwi tabasamu, anarudishwa hotelini. Sababu yake ni kwamba gorila huambukizwa maradhi yetu ya kifua, na homa ambayo kwako ni ya siku tatu inaweza kuua familia nzima. Kwa hiyo kitendo kitamu kuliko vyote katika filamu ndicho ambacho mwongozaji wetu atalazimika kumkataza mgeni. Wanafunzi wangu watakuwa na kazi ngumu ya kumnyima mtu jambo ambalo sinema ilimwahidi, tena kwa lugha ya adabu.

Kuhusu upweke, filamu inatuonyesha mwanamke mmoja na mlima. Ukweli wa safari ni umati. Wafuatiliaji nyayo wanaondoka alfajiri hadi mahali ambapo gorila walionekana jana, wanatafuta matandiko ya majani waliyolalia, wanapima ubichi wa kinyesi na jinsi mabua yalivyolala, kisha wanatoa habari kwa redio. Nyuma wanakuja mwongozaji, askari wenye bunduki, wapagazi wanaomshika mgeni mkono kwenye mteremko, na wageni wanane wakihema. Hata kabla ya hapo kuna watu waliokwenda kila siku kwa miaka miwili au zaidi, wakitishwa na kukimbizwa, mpaka familia ile ya gorila ikazoea kuonwa na binadamu. Ile saa moja ya mgeni imejengwa juu ya miaka hiyo, nao waliojenga hawana filamu.

Sasa tumrudie Sembagare. Katika filamu anamzungumzia bibi yake Kiingereza. Anaonyesha njia, anatafsiri, anaonya, anahuzunika. Hatumwoni akiwa na hoja yake mwenyewe kuhusu gorila, wala hatuambiwi alijifunza wapi kuwafuata. Hali halisi ilikuwa na utajiri ambao mwandishi wa filamu aliuacha mezani. Huko Kongo, Fossey alifundishwa kufuata nyayo na mzee aitwaye Sanwekwe, ambaye utotoni alikuwa amefanya kazi na Carl Akeley, na baadaye akafanya na George Schaller, yule mtafiti wa mwaka 1959 na 1960. Fikirini, ndugu wasomaji: wataalamu watatu wa vizazi tofauti, na nyuma yao mwalimu mmoja! Isitoshe, kambini Fossey alizungumza na wafanyakazi wake kwa Kiswahili. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya elimu hii ilipita katika lugha tunayoifundisha hapa idarani, na filamu imeifuta. Hilo ndilo jibu langu kwa mwanafunzi wa nyuma. Sembagare alisema mengi, ila alisemea mahali ambapo kinasa sauti hakikuwashwa.

Majangili wamefanyiwa vibaya zaidi. Wanatokea kama vivuli vyenye mikuki, na pale Fossey anapomtisha mmoja wao kwa kitanzi, kamera inaelekea kumsamehe kwa sababu tumekwisha kumlilia gorila Digit, aliyeuawa tarehe 31 Desemba 1977. Kilio hicho nami nilikilia. Hata hivyo, sisi wa Uganda tunajua kwamba Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Batwa waliokuwa wakiishi kwa msitu ule waliondolewa na wengi wakabaki bila ardhi. Mwongozaji anayetoka kijiji jirani hawezi kusimulia kisa cha "majangili" kwa wepesi wa sinema. Huenda anayebeba mkoba wa mgeni ni mjukuu wa mmoja wao.

Tena filamu imenyamazia jambo ambalo bila hilo tusingekuwa na somo hili. Fossey hakuupenda utalii. Walioupigania ni wengine, hasa Bill Weber na Amy Vedder, kupitia mradi ulioanza Rwanda mwaka 1979. Hesabu ya mwaka 1981 ilionyesha gorila 254 tu katika milima ya Virunga. Ile ya 2015 na 2016 ilipata 604, na kwa kuongeza wale wa Bwindi idadi iliyotangazwa mwaka 2019 ni 1,063. Je, Fossey alikosea? Kuhusu fedha za watalii, naona alikosea. Kuhusu hatari ya kuwasogeza watu karibu mno, UVIKO-19 ulimpa haki yake. Mgogoro huu ungefaa kuwa moyo wa filamu, lakini mtunzi alichagua mapenzi ya mama huyo na mpiga picha.

Wiki iliyofuata niliwaonyesha Virunga, filamu ya kumbukumbu ya mwaka 2014 ya Orlando von Einsiedel. Humo André Bauma, mlezi wa gorila yatima huko Rumangabo, anajieleza mwenyewe, na Kiswahili cha Kongo kinasikika. Dakika za kwanza wanafunzi walikicheka Kiswahili hicho. Upatanisho wa ngeli haukuwa ule ninaowasahihishia kwa kalamu nyekundu. Vita vya mwaka 2012 vilipofika karibu na Bauma akabaki na wanyama wake, kicheko kilikwisha. Filamu hii nayo ina dosari (inaruka upesi mno kati ya mafuta, vita na gorila), lakini ndani yake hakuna aliye kivuli. Mmoja wa yatima wale, Ndakasi, alifariki mwaka 2021 akiwa amepakatwa na Bauma.

Zoezi nililowapa wanafunzi ni kumwandikia Sembagare maneno ya dakika tano, asubuhi moja, akieleza kwa Kiswahili jinsi anavyojua gorila wamekwenda wapi. Tulikwama mara moja. Wengi waliandika "sokwe", neno ambalo pia ndilo wanalomwitia yule wa Kibale, ambaye ni mnyama mwingine. Nimewaamuru watumie "gorila". Dume mkubwa wamemwita "mgongo-fedha", tafsiri ya Kiingereza neno kwa neno, nami sipendezwi nayo. Fedha haioti mgongoni, mvi ndizo zinazoota. Mimi nimependekeza "dume la mvi". Mwenzangu wa isimu analipinga kwa madai kwamba linamzeesha mnyama aliye katika nguvu zake. Mwenye neno bora alilolisikia kwa wafuatiliaji nyayo wenyewe alilete idarani kabla ya muhula kufungwa. Filamu zote mbili zitaonyeshwa tena kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza.