Namba Kwenye Kona ya Stakabadhi

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa Oktoba, njia za Nambilanje hujaa magunia. Mengine yamefungwa nyuma ya pikipiki, mengine yanasukumwa kwa baiskeli, na yote yanaelekea kwenye ghala la AMCOS, chama cha msingi cha ushirika. Pale ghalani macho ya kila mtu yako kwenye mzani. Mama aliyepalilia mikorosho, akapuliza salfa, akaokota na kuanika, anasimama kimya akitazama uzito. Karani anausoma kwa sauti, anauandika, anakata stakabadhi. Mama anaikunja mara mbili na kuifunga kwenye pindo la khanga.

Kuanzia hapo jasho lake limegeuka namba. Namba hiyo itakwenda ghala kuu, itaingia mnadani, itapita kwenye hesabu za RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, mpaka ifike benki. Stakabadhi ghalani ilianza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, na tangu msimu wa 2024/25 minada inaendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kadiri karatasi zinavyopungua, ndivyo wanavyoongezeka watu wanaoishika namba ile bila kuonekana ghalani: waandishi wa programu. Miongoni mwao yupo mmoja ambaye ufundi wake haunichoshi kuutazama. Ni kiongozi wa kiufundi, fundi mkuu wa timu.

Wengi hudhani fundi mkuu ni yule anayeandika msimbo mwingi kuliko wenzake. Mara nyingi sivyo. Katika timu yake huwa kuna kijana mwenye vidole vyepesi kumzidi, na yeye mwenyewe analijua hilo wala halimsumbui. Sehemu kubwa ya siku yake anasoma walichoandika wengine, anachora, anauliza, anasikiliza.

Tuchukue timu ya mfano, isiyo ya taasisi yoyote: watu sita wako Dar es Salaam, wanatengeneza programu ya simu ya kupokelea korosho kwenye chama cha msingi. Kila kikao fundi mkuu ana swali lake lilelile: "Mtandao ukikatika, karani atafanyaje?" Vijana wamelisikia mpaka wanalitania.

Swali lenyewe si la utani. Karani anabonyeza "Tuma", kiduara kinazunguka, jibu haliji. Anabonyeza tena. Je, seva imepokea gunia moja au mawili? Kijana mmoja anapendekeza seva ikatae uzito unaofanana ukiingia tena ndani ya dakika tano. Fundi mkuu hasemi ndiyo wala hapana. Anatoa kwenye mkoba kitabu cha zamani cha stakabadhi, kile cha karatasi na kaboni, anakiweka mezani. "Siku ya foleni, magunia mawili ya mkulima mmoja hayawezi kulingana uzito?" Yanaweza. "Na karani wa karatasi, alizuiaje kuandika gunia moja mara mbili?" Wanakipekua. Kwenye kona ya juu ya kila ukurasa kuna namba, nayo ilichapwa kabla korosho hazijaanza hata kudondoka.

Jibu limepatikana. Simu itaipa kila stakabadhi namba yake ya pekee kabla haijaituma. Hata ikitumwa mara kumi kwa sababu ya mtandao, seva itaona namba ileile na kuihesabu mara moja tu. Fundi angeweza kuwaambia tangu mwanzo, na mchana mzima ungeokolewa. Ila angewanyima kitu kikubwa zaidi: mazoea ya kutafuta hekima kwa waliofanya kazi hiyo kabla ya kompyuta.

Mtazame tena anaposoma msimbo wa kijana. Anafika penye uzito wa gunia, kilo 78.5, anasimama. Kompyuta ikiambiwa ijumlishe 0.1 na 0.2, katika lugha nyingi za programu hujibu 0.30000000000000004. Kijisehemu hicho hakionekani kwenye gunia moja. Kwenye maelfu ya magunia kinaweza kuzaa hesabu zisizofungana, na hesabu zisizofungana hugeuka maneno kijijini. Pembeni anaandika mstari mmoja tu: "Tukihifadhi kwa gramu, namba kamili, je?" Hivyo kilo 78.5 zinakuwa gramu 78,500, na desimali inabaki kuwa jambo la kioo cha simu. Ameandika kama swali, kwa sababu kijana aliyeamrishwa atarekebisha mstari ule mmoja, na aliyeulizwa atakwenda kutafuta yote inayofanana nao.

Halafu kuna majina. Kwenye daftari la chama ni Mwanahamisi Saidi, benki ni Mwanahamisi Said Hamisi. Ipo njia ya haraka, kuiachia programu ibahatishe kwamba ni mtu mmoja. Fundi anaikataa. Malipo yasubiri siku moja mtu wa chama athibitishe, kuliko kumfikia Mwanahamisi mwingine. Kusema hapana ni sehemu ngumu ya ufundi wake, maana mara nyingi anawaambia wakubwa wake. Mradi ukichelewa, wakubwa huleta watu zaidi. Palizi ikichelewa, vibarua kumi humaliza shamba upesi. Programu haina tabia hiyo. Fred Brooks, aliyesimamia mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi: wageni wanahitaji kufundishwa, na wa kufundisha ni walewale waliozidiwa.

Watu wa Nachingwea hawahitaji kitabu kuelewa hasara ya mpango usiouliza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Tanganyika, ikilenga mamilioni ya ekari, Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa kutegemea ziara ya wataalamu ya wiki tisa mwaka mmoja kabla. Matrekta yalitangulia, maarifa ya udongo na mvua yakafuata nyuma. Mradi ulifutwa mwaka 1951, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimepotea, na reli yake ya Nachingwea ikafungwa mwaka 1962. Fedha zilikuwepo, mitambo ilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu mwenye kauli ya kusema, "Subirini, tujaribu kwanza shamba moja."

Ndiyo maana fundi mkuu wa mfano wetu anaanza na ghala moja, msimu mmoja, kitabu cha karatasi kikiwa bado mezani. Na usiku simu ikilia kwamba malipo yamekwama, kwanza anazuia hasara isiendelee, ndipo anatafuta chanzo. Hamtafuti mtu. Anauliza, "Kosa hili lilitupitaje sote?" Mbele ya wakubwa anasema kosa ni lake. Kazi ikienda vizuri anataja majina ya vijana.

Sifa zake hazifiki Nambilanje. Mama wa mzani hajui kwamba yupo, na hiyo ni dalili kuwa kazi imefanyika. Katika nchi ya korosho iliyopigana miaka mingi na kangomba, ununuzi wa kichochoro kwa kipimo cha mnunuzi mwenyewe, uzito usiobadilika njiani ni heshima kubwa kwa mkulima.

Siku moja timu inakaa kupanga programu mpya, ya ufuta safari hii. Fundi mkuu amechelewa kidogo. Anaingia kikao kikiwa kimeanza na kukaa nyuma. Kijana yule wa dakika tano amesimama ubaoni. Kabla hajachora mstari wa kwanza anawageukia wenzake: "Mtandao ukikatika, karani atafanyaje?"

Safari hii hakuna anayecheka. Fundi anafungua daftari lake, anaanza kusikiliza.