Milima Haidanganyi

Julai 2018 ilisambaa mitandaoni video ya kutisha: wanajeshi wakiwaongoza wanawake wawili na watoto wawili kwenye njia ya vumbi, kisha wakiwapiga risasi. Serikali ya Kamerun ilikana kwamba ni wanajeshi wake, ikasema ni habari za uongo. Wachunguzi wa BBC Africa Eye, pamoja na Amnesty International na Bellingcat, wakaketi kuitazama upya, sekunde baada ya sekunde.

Nyuma ya watu wale ilionekana safu ya milima. Waliilinganisha kilele kwa kilele na ramani ya Google Earth, hadi ikalingana na milima iliyo karibu na Zelevet, kaskazini mwa Kamerun, jirani na mpaka wa Nigeria. Nyumba, miti na njia navyo vikaafiki.

Likabaki swali la lini. Picha za setilaiti zilionyesha kwamba jengo moja la kwenye video lilionekana hadi Februari 2016 tu, na kuta za jingine zilikuwa bado hazijajengwa Novemba 2014. Njia ile nayo huonekana kati ya Januari na Aprili tu, wakati wa kiangazi. Hatimaye walipima vivuli vya wanajeshi wenyewe, wakakokotoa pembe ya jua: kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015.

Ninachokistahi zaidi katika ufundi huu ni adabu yake. Mchunguzi hasemi "niamini". Hukuwekea kila hatua mezani uikague mwenyewe. Septemba 2020, mahakama ya kijeshi mjini Yaoundé iliwahukumu wanajeshi wanne kifungo cha miaka 10 kwa mauaji yale.

Anayetaka kujifunza ufundi huu aanze na picha moja ya mji anaoujua. Aangalie mabango, nguzo za umeme, minara na rangi za paa, kisha aitafute sehemu hiyo kwenye ramani. Ahifadhi nakala na tarehe ya kila alichokiona, maana video hufutwa. Atafute pia ushahidi wa kumpinga yeye mwenyewe, na asianike maisha ya mtu asiyehusika.

Vifaa vingi vya kazi hii ni vya bure. Basi siku utakapoletewa video ya kuchemsha damu, kabla hujaituma kwa wengine, uliza: hapa ni wapi, na ilikuwa lini?