Watafiti wa uzamifu: Wanazama au wanazamishwa?

MSOMAJI mmoja kutoka Voi ameniletea swali ambalo juu juu ni la kisarufi. Yeye ni mhadhiri msaidizi, ana familia, na kwa miaka kadhaa sasa anasomea shahada ya uzamifu katika chuo kilichoko Nairobi. Anauliza iwapo ni sahihi mtu wa aina yake kuitwa ‘mwanafunzi wa uzamifu’ ama kuna jina linalomfaa zaidi. Nimelisoma swali hilo mara mbili, tatu. Naona linauliza mengi zaidi ya sarufi.

Hata hivyo, tuanze na sarufi. ‘Mwana’ katika maneno kama mwanasheria, mwanasayansi na mwanamuziki hana maana ya mtoto. Anaonyesha mtu anayehusika na fani fulani. Kwa hivyo, anayelalamika kwamba mwanafunzi ni ‘mtoto’ anaionea lugha bure. Uzito uko kwenye sehemu ya pili, ‘funzi’, inayotukumbusha vitenzi funda na funza. Mwanafunzi ni mtu anayepewa maarifa ambayo mwingine tayari anayo. Sasa, mtu wa uzamifu anatakiwa alete jambo jipya, ambalo hata anayemwongoza halijui. Nani atamfunza kisichojulikana? Kwa msingi huo, ‘mtafiti wa uzamifu’ ni jina linalofaa zaidi. ‘Mwanafunzi’ si kosa, hasa mtu akiwa bado katika masomo ya darasani, lakini linasema nusu tu ya ukweli.

Je, jina lina faida gani? Hebu msomaji wangu apande matatu pale Voi, apitie Mwatate, akwee milima hadi Wundanyi. Huko Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, kina Kituo cha Utafiti cha Taita. Kwa zaidi ya mwongo mmoja watafiti wamekuwa wakifikia pale, wakitoka kwenda kuchunguza misitu, maji, hali ya hewa na matumizi ya ardhi. Tasnifu kadhaa za uzamifu zimezaliwa kwenye milima hiyo. Huko Helsinki, mtu wa kiwango hiki huitwa ‘väitöskirjatutkija’, yaani mtafiti wa tasnifu, na wengi wao huwa na mkataba wa kazi na mshahara, ama ruzuku ya kuwawezesha kuishi. Si jina lililowaletea mshahara. Jina na mshahara vimetoka kwenye fikra moja: kwamba utafiti ni kazi, na anayeifanya ni mfanyakazi.

Teremka sasa hadi Voi. Mwenzetu anayechunguza mambo ya kaunti hiyo hiyo huenda analipa karo mwenyewe kwa mkopo wa sako. Anafundisha mchana, anasahihisha mitihani jioni, na tasnifu anaigusa saa tano za usiku watu wakiwa wamelala. Akimhitaji msimamizi wake, ni safari ya zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi, na akifika huenda akaambiwa ati profesa yuko mkutanoni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni wamekuja, tena wamefanya kazi nzuri. Mwenyeji atapona lini? Tusiwaonee wivu, tuwaige.

Jina la pili linaloniwasha ni hilo la ‘msimamizi’. Kitenzi simamia kiko katika kauli ya kutendea, na kauli hiyo ina maana zaidi ya moja. Katika shamba la mkonge kule Mwatate, kusimamia ni kukaa juu ya kazi ya mwingine ili hesabu ya siku itimie. Lakini neno hilo hilo tunalitumia harusini. Msimamizi wa bwana harusi husimama kando yake mbele ya watu, na baadaye ndiye wa kwanza kuitwa ndoa ikiyumba. Maana zote mbili ni Kiswahili safi. Tatizo ni kwamba vyuoni tumechukua ile ya shambani tukaiacha ile ya harusini. Tunao wengi wanaosimama juu ya mtafiti, na wachache wanaosimama naye. Kuna hata wasiosimama popote: sura ya tasnifu inakaa mezani miezi minane, na mwenyewe anaogopa kuiulizia asije akaonekana hana adabu.

Hapo ndipo ninapofika kwenye neno uzamifu lenyewe. Kwa sikio la msemaji wa kawaida, linakumbusha kitenzi zama, na picha hiyo inapendeza: mtu amezama katika somo lake kama mpigambizi anayetafuta lulu. Ila kitenzi hiki kina ndugu zake. Kuzama ni kwenda chini, na huenda ni kwa hiari yako. Kuzamishwa ni kusukumwa. Watafiti wetu wengi walikwenda chini kwa hiari wakitafuta lulu. Walipokuwa huko chini, aliyeshika kamba akaenda zake.

Hili si suala la Kenya peke yake. Mwaka 2018 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha utafiti uliowahusisha watu 2,279 kutoka nchi 26, wengi wao wa uzamifu. Asilimia 39 walionyesha dalili za sonona ya kati hadi kali, ilhali katika jamii kwa jumla kiwango kilichotumiwa kulinganisha kilikuwa asilimia 6. Waliojibu walijitolea wenyewe, na pengine wenye maumivu ndio waliokimbilia kujibu. Kwa hivyo tuzisome takwimu hizo kwa uangalifu. Lakini hata tukizipunguza nusu, bado zinatisha. Tena huenda wengi wa waliohojiwa hawakuwa na mzigo wa kufundisha, karo na familia kwa pamoja kama alio nao ndugu yetu wa Voi.

Sisi wakubwa tunawajibu nini wakilalamika? Tunawapa methali. “Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.” “Mvumilivu hula mbivu.” Mimi ni mtu wa methali, nimezifundisha kwa miaka mingi, na ndiyo maana inaniuma kuziona zikigeuzwa kizibo cha kumfunga mtu mdomo. Methali ya maji inamhimiza mtu asikate tamaa. Haisemi kwamba aliyeko ukingoni ana ruhusa ya kutupa mawe majini. Kiswahili pia kina methali isemayo mkono mmoja haulei mwana. Mbona hiyo hatuitaji siku ya kuwapokea watafiti wapya?

Wenzangu wa umri wangu watasema: mbona sisi tulisoma kwa taa ya kibatari, hakuna aliyetuuliza kuhusu ustawi wetu, na tulifuzu? Ni kweli tulifuzu, sisi tuliofuzu. Walioacha njiani hawapo kwenye vikao vyetu kutoa ushahidi. Isitoshe, mateso si mbinu ya utafiti. Sijawahi kuona tasnifu yenye sura ya tatu iitwayo ‘Mateso ya Mtafiti’ ambayo watahini waliipa alama kwa sababu hiyo.

Sheria tunazo. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za mwaka 2014 zilimtaka mtafiti wa uzamifu achapishe makala mawili katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu kabla ya kufuzu. Pia ziliweka kikomo cha watafiti watatu kwa msimamizi mmoja. Kanuni ya kwanza inafuatwa kwa ukali, kwa sababu inambana mtafiti. Hiyo ya pili inambana profesa, na hapo ukali unapungua. Matokeo yake ni kwamba tija imegeuka kuwa hesabu ya makala, na majarida ya kilaghai yamejaa mtandaoni yakimngoja mtu mwenye haraka na pesa kidogo.

Wengi wanakumbuka kelele za mwaka 2019, JKUAT ilipotoa shahada za uzamifu 118 katika mahafali moja. Tume ilichunguza, magazeti yakaandika, taifa zima likauliza inawezekanaje. Lilikuwa swali halali. Ninachoshangaa ni kwamba kasi inatushtua na kuchelewa hakutushtui. Hakuna tume inayoundwa mtafiti akikaa miaka minane, tisa, hadi nywele zikaota mvi, na chuo kikiendelea kupokea karo yake kila mwaka.

Mifano mizuri ipo karibu. Mpango wa CARTA, ulioanza mwaka 2008 ukiongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, huchukua wafanyakazi wa vyuo vya Afrika wanaosomea uzamifu, ukawaweka katika kundi moja linalokutana kwenye semina nne, tangu kuandaa pendekezo la utafiti hadi maisha ya baada ya shahada. Wanasafiri pamoja, wanasomeana kazi, na kila mmoja anajua kwamba kuna mtu anayengoja sura yake. Hakuna miujiza hapo. Kuna ratiba, kuna wenzako, na kuna mtu aliyeshika kamba.

Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hadhi kamili mwaka 2016 baada ya kuwa chuo kishiriki cha JKUAT, bado ni kichanga. Uchanga huo ni faida. Chuo kongwe hubadilika kwa shida. Kichanga kinaweza kuanza na desturi nzuri. Naona mambo matatu ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Kwanza, msimamizi na mtafiti watie sahihi makubaliano yenye tarehe, mathani sura isikae zaidi ya wiki nne bila maoni. Pili, mhadhiri anayesomea uzamifu apunguziwe vipindi, hata kama ni muhula mmoja kwa mwaka. Tatu, watafiti wote walioko Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, bila kujali wamesajiliwa chuo gani, wakutane mara moja kwa mwezi wasomeane kazi.

Yabaki mambo ya ajira. Tumewafanya watafiti waamini kwamba uzamifu una mlango mmoja tu, wa uhadhiri, nao umebanwa. Wengi wanaambulia vibarua vya kufundisha kwa muda. Lakini itazame kaunti hii. Zaidi ya nusu ya ardhi yake ni mbuga ya Tsavo, na ndovu wanavunja mashamba ya watu. Kuna vito chini ya ardhi na wachimbaji wasio na vipimo. Kuna Kidawida na Kisaghala zinazohitaji kamusi na vitabu vya watoto. Hayo yote ni kazi za watu wa uzamifu, na mafunzo yetu hayawaandai kwa hata moja kati yake, kwa sababu tunawapima kwa tasnifu itakayowekwa rafuni.

Kwa hivyo ndugu yangu wa Voi ana haki ya kudai aitwe mtafiti. Chuo kikikubali kumwita hivyo, kesho yake adai pia vitu vinavyoendana na jina hilo: muda, mwongozo na heshima. Akipewa jina bila hivyo vingine, atakuwa bado anazamishwa.